Mmea Usiotaka Mbolea

Jumatano, 4 Septemba 2024

Bahasha ya Joyness imefika. Kumbe imekaa siku tisa Nyaishozi, dukani kwa Mansoor, chini ya magunia ya sukari, eti alidhani ni ya Rwegoshora mwingine. Hakuna Rwegoshora mwingine. Nimemwambia hivyo. Akasema pole sana mzee wangu, shikamoo.

Ndani kuna kadi ya kunipongeza kwa kustaafu (miezi miwili sasa!) na kikaratasi kilichokunjwa kama cha dawa ya unga. Nikakifungua mezani. Vumbi. Vumbi jeusi, kiasi cha kupaka ukucha. Mke wangu akapita na kitambaa — Deodatha hapiti meza bila kitambaa — akafuta nusu. Nikampigia Joyness huko Ubelgiji kumuuliza alikusudia kutuma nini. Alicheka.

"Baba, hilo vumbi ndiyo mbegu."

Mbegu za mmea unaokula wadudu. Drosera. Majani yana vinywele vyekundu, kila kinywele na tone la gundi kichwani. Mdudu akitua ananasa, jani linamkunjia, linammeng'enya taratibu. Mwanangu ameenda Ulaya kusomea hayo. Anasema niuoteshe hapa nyumbani, dirishani, utanipa kazi.

Kazi! Miaka thelathini na sita ya ubwana shamba. Nimeotesha kahawa, parachichi, maharage aina kumi na moja. Leo natumiwa vumbi linipe kazi.

Na hizi ni mbegu za kutoka nje bila kibali. Mimi, niliyesimama mpakani Murongo nikiwanyang'anya akina mama machipukizi ya migomba! Nilitazama bahasha, nikatazama mlango. Nimezificha kwenye kopo la mafuta ya kujipaka.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimesia nusu ya zilizobaki. Mtaalamu hasii mbegu zote siku moja.

Udongo wa juu wa kibanja chetu cha migomba, samadi iliyoiva vizuri, vyote nimechekecha. Nimefukia sentimita moja. Nyasi kavu juu. Maji ya bomba asubuhi na jioni. Nimesimika kibao: tarehe, aina ya mmea, jina la mtaalamu. Deodatha amesoma kibao akauliza mtaalamu ni nani.

Jumamosi, 21 Septemba

Zimeota! Nyingi, zenye afya, zimesimama wima kama wanafunzi mstarini. Nimepiga picha saba nikamtumia Joyness.

Jibu limekuja kabla sijanywa uji. "Baba, huo ni mchicha."

Jumatatu, 23 Septemba

Nimefundishwa kilimo na binti yangu kwa dakika arobaini. Mbegu hazifukiwi, zinalazwa juu, zinataka mwanga. Maji ya bomba yana chumvi, kwa hiyo ni maji ya mvua peke yake. Na samadi — hapo alishusha sauti kama daktari — samadi inaziua. Huu mmea umezoea kuishi mahali ambapo ardhini hamna kitu, ndiyo maana ukajifunza kula nzi. Unataka udongo wa kinamasi, mchachu, maskini kabisa.

"Baba, tafuta udongo ambao wewe ungemwambia mkulima auhame."

Maisha yangu yote nimesema neno moja: mbolea. Harusini nimelisema. Msibani nimelisema. Na sasa kiumbe cha kwanza kukabidhiwa kwangu baada ya kustaafu kinakufa nikikilisha.

Udongo huo najua ulipo. Kila mtu hapa kijijini anajua. Uko bondeni kwa Kahigi. Basi, yaishe. Vumbi lililobaki likae kwenye kopo.

Jioni nimemsikia Deodatha jikoni anaongea na simu. Anamshukuru Joyness. Anasema angalau siku hizi simfuati kupima umbali kati ya mafiga. Kumbe ni yeye aliyeomba nitafutiwe kitu.

Jumapili, 6 Oktoba

Misa. Padri akasema tutakiane amani. Kahigi aligeuka kushoto akatoa mkono, akageuka kulia akatoa mkono, alipogeuka nyuma akaniruka kama mtu anavyoruka mfereji. Mwaka wa kumi na moja huu. Amekuwa hodari. Asiyejua hawezi kuona kuna mtu ameachwa.

Mwaka 2013 nilisimamia kung'olewa kwa migomba yake. Ulikuja mnyauko, ndizi zinaiva kabla ya wakati wake, ukikata shina linatoa usaha wa njano. Amri ilitoka juu. Nilifanya kazi yangu. Nimewaeleza watu hivyo mara nyingi sana, nasema vizuri, kwa sauti ya kawaida.

Joyness ameuliza tena habari za mbegu.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimeenda kwa Kahigi. Na ndoo.

Njiani nilipanga hotuba. Nilipofika uani hotuba ikaisha. Mkewe, Kokuhirwa, alikuwa anaanika maharage. Akasema "Karibu" kama mtu anayefunga mlango. Kahigi alikuwa ananoa panga, akaendelea kunoa.

"Bwana Shamba."

"Bwana Kahigi. Habari za leo."

Za leo hakuzijibu. Nikaeleza. Udongo wa bondeni, ndoo moja, kuna mbegu za mtoto.

"Udongo wangu tena," akasema.

"Ndoo moja tu."

"Mara ile pia ulikuja kutazama shina moja tu."

Panga kwenye jiwe. Kisha akaniuliza udongo ule nautakia nini, na mimi mwenyewe nilisimama mkutanoni nikawaambia pale bondeni hapafai hata kwa majani ya ng'ombe.

"Ndiyo maana nautaka," nikasema. "Nataka udongo usiofaa."

Akaacha kunoa. Akamwita Kokuhirwa aje asikie. Nikarudia. Kokuhirwa akasema hakusikia vizuri kwa sababu ya kelele za maharage. Nikarudia mara ya tatu. Maharage hayakuwa yanapiga kelele yoyote.

"Achote," akasema Kokuhirwa. "Hata mbili achote."

Nimechota. Nimeondoka nyumba ya Mnyambo, mwenyeji wa huku, bila kupewa hata punje ya kahawa ya kutafuna. Haijawahi kunitokea, hata nilipokwenda kuwakamata watu.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimesia zilizobaki kwenye kopo pana dirishani, juu ya udongo wa Kahigi uliochanganywa na mchanga. Sikufukia. Nimefunika na mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani. Beseni liko nje linakinga mvua. Kibao sijaweka.

Alhamisi, 31 Oktoba

Vinukta vya kijani. Si mchicha! Nimevaa miwani ya Deodatha juu ya miwani yangu nikahesabu kumi na saba. Kila kimoja kidogo kuliko kichwa cha sindano. Deodatha ametazama akasema haoni kitu. Nimemkumbusha kwamba miwani yake ninayo mimi.

Siku nzima sijafanya lolote. Sijatia mbolea, sijapalilia, sijashauri. Vinaendelea vizuri.

Jumamosi, 23 Novemba

Senene wameanguka. Kijiji kizima kinanyonyoa mabawa. Deodatha amekaanga sufuria nzima, na mimi nimekula nikiwa nimeinamia kopo dirishani, kwa sababu leo — leo! — mche wa tatu kutoka kushoto umenasa kisubi. Tone lenyewe dogo hata huwezi kuliita tone. Kisubi kilipiga miguu kwa muda, kikaacha. Nimemwita Deodatha aje aone mmea unaokula mdudu. Akatazama kisubi, akatazama sahani yangu, akarudi jikoni.

Jumatatu, 25 Novemba

Kahigi amekuja kwangu! Asubuhi, na buti za mvua, akasimama nje ya baraza. Amesikia kwamba udongo wake umeotesha nyama. Kokuhirwa ndiye amesikia, kisimani. Amekuja kuhakikisha mali yake haitumiki vibaya.

Nikampeleka dirishani. Nikampa miwani zote mbili. Akainama. Nikaanza kumweleza: mmea huu ni wa nadra, umetoka mbali, umepanda ndege mbili —

Akaanza kucheka. Sijamsikia Kahigi akicheka tangu tukiwa vijana. Anacheka kwa mabega, sauti inachelewa.

"Hii? Bwana Shamba, hii ni mate ya chura!"

Sikuelewa. Akasema njoo.

Tumeshuka bondeni kwake, maji yakaingia viatuni. Tukapita matete, tukapita mahali nilipochota ndoo yangu, hatua labda thelathini mbele. Akanyoosha kidole. Tope jeusi, na juu yake wekundu umetandazwa kama mkeka. Nikapiga magoti. Majani, vinywele, matone. Yanang'aa. Si kumi na saba. Maelfu! Kereng'ende mmoja amenasa mkia, bawa moja bado linatetemeka.

Kahigi akasema walipokuwa wanachunga ng'ombe utotoni waliyaita mate ya chura, wakiyabandika nzi na kushindana nzi wa nani atakufa kwanza. Huwa hayaoteshwi na mtu. Yapo tu.

Mwaka 1994 niliandika ripoti ya bonde hili, kurasa sita. Naikumbuka sentensi yake: "Hakuna mimea yenye umuhimu." Niliandika nikiwa nimesimama barabarani, ili nisilowe.

Nimempigia Joyness pale pale, nikamwonyesha kwa simu. Amepiga kelele hadi Kahigi akarudi nyuma hatua mbili. Anasema hii si ile aliyonitumia mimi, ni ndugu zake, ya huku huku, na kwamba nimshukuru sana huyo baba. Nikamwambia Kahigi, binti anashukuru. Akaniuliza, "Na wewe?"

Nikasema asante.

Tukakaa tumechuchumaa. Akaokota kijiti, akawa anamwondoa kereng'ende taratibu. Hakuwa ananitazama. Akasema mama yake alifariki mwaka ule wa kung'oa, mwezi wa Oktoba. Nikasema nilisikia. Akasema waombolezaji walikula ugali. Unga wa kununua. Msiba wa mama yake, nyumbani kwake, bila ndizi hata moja. "Watu walikula wakanyamaza. Lakini walikula wakitazama sahani."

Mimi sikwenda msibani. Nilikuwa na semina.

Jumatano, 27 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Sina pa kwenda. Basi niandike.

Mashina yaliyokuwa yanaumwa kwa Kahigi yalikuwa tisa. Kati ya mia mbili na arobaini na kitu. Yote tisa upande mmoja, karibu na choo. Nilihesabu mwenyewe, mara mbili.

Mwongozo ulisema kibanja chenye ugonjwa king'olewe. Haukusema chote, haukusema nusu. Wenzangu wengine waling'oa mashina yenye ugonjwa na majirani zake, wakafukia, wakangoja. Nami ningeweza. Lakini wakubwa walikuwa wanakuja kukagua kampeni, na walitaka kuona kazi, na kibanja cha Kahigi kipo barabarani. Gari linapunguza mwendo pale kwenye kona. Hiyo ndiyo sababu. Kibanja cha mkulima mwingine, Novatus, kilikuwa na mashina thelathini yanayotoa usaha, lakini kipo nyuma ya kilima, gari haliendi. Cha Novatus niliacha.

Tulikata siku mbili. Kahigi alikata pamoja nasi. Alisema kama ni lazima ikatwe, afadhali aikate anayeijua. Wakubwa walipita, wakashusha kioo, wakapiga picha, wakapandisha kioo. Nilipata barua ya pongezi.

Miaka mitatu baadaye, semina: sasa tunashauri kukata shina lenye ugonjwa peke yake, utafiti umeonyesha inatosha. Tulipewa soda. Niliandika hilo vizuri kwenye daftari la kazi. Nilikwenda kila kitongoji kulifundisha. Kwa Kahigi sikwenda.

Mvua imepungua. Nimekwenda kutazama miche. Mizima yote.

Jumapili, 15 Desemba

Amani. Kahigi aligeuka kushoto, akageuka kulia, akageuka nyuma. Akanipa vidole viwili. Ncha tu, vya baridi. Nilivishika kidogo zaidi ya inavyopaswa, akavivuta.

Tulipofika nyumbani Deodatha akaniuliza kama nitakula sasa au baadaye. Ameuliza kwa upole kiasi kwamba nimepata wasiwasi.

Jumatano, 1 Januari 2025

Heri ya mwaka mpya. Miche kumi na minne. Mitatu niliikausha sikukuu, nilikwenda kwa shemeji huko Kyerwa siku nne nikamwachia Deodatha maagizo ya maandishi, kurasa mbili. Anasema alisoma hadi palipoandikwa "kwanza, tafuta mvua."

Jumamosi, 11 Januari

Naandika haraka. Kahigi yuko barazani.

Alifika saa nne. Hodi, ya kwanza tangu 2013. Suruali ya kanisani. Nikajua si habari za mate ya chura. Deodatha akaleta kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo kile kizuri, si cha siku zote. Akatafuna. Tukaongea mvua. Tukaongea maharage. Miche nimeiweka mezani kati yetu, mmoja sasa una upana wa sarafu, akaupuliza kidogo matone yatikisike. Kisha bila kubadili sauti:

"Bwana Shamba, yalikuwa mashina mangapi?"

Ningeweza kuuliza, mashina gani. Nilifungua mdomo kuuliza hivyo.

"Tisa," nikasema.

Akatikisa kichwa. "Mimi nilihesabu manane."

"Kulikuwa na moja nyuma ya choo."

"Ah." Akafikiri. "Hilo sikuliona."

Basi alijua! Siku ile ile alijua, akashika panga akakata. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema alisema. Alisema kwangu, pale pale, mbele ya wakataji, na mimi nikamjibu kwamba yeye si mtaalamu. Sikumbuki. Nimejaribu kukumbuka, sikumbuki hata kidogo. Nadhani ndivyo nilivyokuwa nawajibu wote.

Akaingiza mkono mfukoni akatoa karatasi, iko kwenye nailoni, imekunjwa mara nne. Ni ile niliyomwachia. "Migomba yote ing'olewe kwa sababu ya ugonjwa. Eneo lisipandwe miezi sita." Mwandiko wangu, ule mzuri wa zamani. Sahihi. Muhuri.

"Hapa kwangu watu wanapaita kwa Mnyauko," akasema. "Bodaboda ukimwambia kwa Kahigi hapajui. Mwambie kwa Mnyauko, anakuleta. Mjukuu wangu shuleni anaitwa hivyo. Ana miaka saba, migomba ile hakuiona."

Nikasema pole.

"Sitaki pole. Wewe ni mtu wa maandishi. Niandikie nyingine. Andika yalikuwa tisa, andika kwa nini ulikata yote. Ukweli wake. Kesho baada ya misa nitaomba padri aisome kwenye matangazo."

Kesho! Kwenye matangazo! Kati ya ndoa za watu na ada ya kwaya!

"Kwa nini nilikata yote," nikarudia, kama sijui.

"Kwa sababu ya barabara," akasema Kahigi. "Najua. Lakini uandike wewe."

Nikasema ngoja nitafute karatasi. Ndipo nikaingia humu chumbani. Karatasi ninazo, rimu nzima. Nimekaa nazo. Nimeandika "Yah:" nikakata. Nimeandika "Mimi, bwana shamba mstaafu" nikakata, maana nilipofika hapo nikaona sentensi inageuka yenyewe kuelekea amri iliyotoka juu. Mara nne imegeuka. Miaka thelathini na sita ya ripoti imeufundisha mkono njia moja tu. Basi nikachukua daftari hili, nikaandika haya ili mkono upate moto. Naona umepata moto. Naona pia dakika ishirini zimepita.

Deodatha ameingia. Amesema mgeni amemaliza kahawa na mawingu yanakuja kutoka Nyakasimbi. Nikamwambia sijui nianzie wapi.

"Si ulishaandika," amesema. "Ile siku ya mvua, Novemba. Mashina tisa, kona ya barabara, na kioo cha gari. Imeandikwa vizuri."

Nimemtazama. Ametazama kopo la kalamu.

"Deodatha, unasoma —"

"Ichane hiyo. Weka sahihi chini."

Nimesema haiwezekani, ndani yake kuna Novatus, jina zima. Nimesema nyuma ya ukurasa kuna ugali wa msiba wa mama yake, mambo aliyoniambia mimi peke yangu. Nimesema ngoja ninakili upya, kwa utaratibu, nirekebishe hapa na pale.

"Urekebishe nini?" amesema.

Barazani Kahigi amesogeza kiti. Sijui anakaa vizuri au anasimama. Deodatha hajatoka mlangoni. Amenyoosha mkono, kiganja juu. Nimempa kalamu. Ameirudisha juu ya meza, taratibu, na mkono ameunyoosha tena. Ni daftari anataka.